Nukta Isiyo na Mstari

Jumatano, somo la jioni, ghorofa ya tatu, Tudor.
Feni inazunguka kama mtu anayetafuta alichosahau.
Daktari Mkalla ameandika ubaoni: Jamii ni nini?
Kisha akafuta "ni nini", akaandika "hupimwaje?"

Mimi nimetoka dukani moja kwa moja,
mikono ina harufu ya kanga zisizofuliwa.
Nina miaka arobaini na mmoja.
Nyevu, wa dawati la pili, ana kumi na tisa;
huniita Mama Kozi, na hunifundisha kunakili na kubandika.

Kazi yetu ni hii: chukua kundi moja la mtandaoni,
kila mtu mgeuze nukta,
kila jibu ligeuze mstari.

Nikachukua letu la Majengo, kundi la maji.
Jina lake "Yametoka?", na alama yake ya kuuliza,
kwa kuwa mfereji wetu hauna ratiba
na watu mia tatu na kumi na wawili wana swali moja.

Miezi sita ya ujumbe nikaimwaga ndani ya programu.
Ikachemka, ikatulia, ikachora.
Ee, mtaa wangu ulivyopendeza!
Katikati Shee Mbwana, mnene kama nazi,
mistari themanini inamtoka,
maana yeye akiona tone hutangaza kwa ushairi:

Amkeni majirani, maji yaja kwa kishindo,
mkibaki kitandani, msilaumu mkondo.

Programu ikauhesabu ubeti huo ujumbe mmoja,
sawa na "ok" ya mpwa wangu.

Na pembeni kabisa, kama punje iliyoponyoka ungo,
nukta moja. Haina mstari hata mmoja.
Nikaibonyeza.
Bi Zuwena.

"Hizo zifute," akasema Daktari, kwa upole,
"ni wachunguliaji tu. Wanachafua hesabu."

Bi Zuwena hajui kuandika.
Simu alinunuliwa na mwanawe wa Maskati,
anaiweka sikioni kama mtu asikilizaye tumbo la mjamzito.
Yametoka, saa tisa za usiku,
na nusu ya mtaa simu zimezimika, umeme hakuna.
Hapo ndipo anapovaa buibui,
ashike kijiko cha chai,
apite kichochoro hadi kichochoro akigonga mageti:
ngo, ngo, ngo.
Kwa Mzee Kombo hugonga mara saba, sikio lake la kulia limekufa.
Kwa mjane wa ghorofani hubeba dumu mwenyewe,
ngazi thelathini na mbili.
Nazijua, nimezihesabu nyuma yake,
nikimshikia tochi, mwaka ule wa ukame.

Mhula wa pili: biashara ya kidijitali.
Swali: kundi hili utalitoaje pesa?
Nyevu akanyoosha mkono kabla swali halijakauka.
Matangazo ya matangi. Boza kwa wanaolipa kwanza.
Ada ndogo, shilingi kumi, ya kujua dakika tano mapema.
Darasa likapiga makofi. Na mimi pia nilipiga,
mtoto ana akili,
ila viganja vyangu vilikuwa baridi.

Dakika tano mapema.
Bi Zuwena angetoza wapi, kwenye kijiko?

Nilichapisha mchoro wangu kwa karatasi,
nikachukua kalamu nyekundu ya kuandikia bei dukani,
nikamtoa mistari kwa mkono,
mmoja mmoja, geti kwa geti,
mpaka wino ukavuja upande wa pili.

Nilipata hamsini na nane.
Pembeni Daktari ameandika, kwa herufi nzuri:
"Ushahidi uko wapi?"

Nimeiweka kazi hiyo chini ya godoro.
Jana usiku kundi lilikuwa kimya, mtandao ulikatika tangu magharibi.
Nilikuwa macho, nikisomea mtihani kwa mshumaa.
Ngo, ngo, ngo.
Nikafunga daftari, nikatafuta ndoo.